Siku saba na Mjomba kando ya Mto Nairobi

Jumamosi, Ondiri

Mjomba alishuka matatu pale Kikuyu akiwa amevaa gambuti za baridi, zenye manyoya ndani, na jua la Machi lilikuwa kali hadi mbwa wa steji walikuwa wamejilaza chini ya magari. Makanga alimtazama miguu, akanitazama mimi, akanyamaza. Mjomba anafanya kazi kwenye shamba la ngano na kanola kusini mwa Manitoba, Kanada, huu mwaka wa 14, na kuna mambo ambayo huwezi tena kumwambia.

"Mjomba, na hizo gambuti?"

"Mpwa wangu, mto hauaminiki."

Kisa cha safari ni mimi. Kazi yangu ni ufundi wa pampu za maji. Wateja wangu ni wakulima wadogo kando ya Mto Nairobi, kutoka huku juu mpaka Ruai, na tangu Januari kila pampu ninayofungua ina chujio lililozibwa na ukoga wa kijani, mzito kama mlenda. Nilimlalamikia kwa simu, nikitarajia pole. Badala ya pole nikapata maswali. Ukoga unaanza mwezi gani? Maji yamesimama ama yanatembea? Nani analima juu ya hapo? Alipokuja likizo hakuwa hata amemaliza kusalimia jamaa. Alifungua begi, akatoa kisanduku cha chupa ndogo za kupimia maji, akasema tutaufuata mto kutoka chanzo. Likizo yake ina mwisho usiosogezeka. Sasa hivi shambani kwao ardhi imeganda na hakuna kazi, lakini theluji ikianza kuyeyuka lazima awe amerudi.

Ondiri ni kinamasi cha matete kando tu ya mji wa Kikuyu. Ukikanyaga pembeni, ardhi inatikisika chini yako kama godoro, kwa sababu kile unachokikanyaga ni mizizi na mboji inayoelea juu ya maji. Hapa ndipo Mto Nairobi unapoanzia. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi. Mjomba alichovya mkono, akacheka. Kwao maji baridi ni yale unayoyapasua kwa shoka.

Akanionyesha kipimo. Unachota maji kwenye chupa, unatia dawa ya kwanza matone kadhaa, unatia ya pili, unasubiri. Kukiwa na fosforasi, kile chakula cha mimea kilichomo kwenye mbolea, maji yanageuka samawati, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo samawati inavyoiva. Maji ya Ondiri yalibaki karibu meupe. Ilibidi tuiweke chupa mbele ya karatasi ya risiti ndipo tuone rangi. Hiyo ndiyo alama yetu ya kuanzia, akasema, na akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa shule ya msingi ambao haujabadilika.

Niliuliza kwa nini tunahangaika na fosforasi peke yake, ilhali mbolea ina vitu vingi. Akasema nisubiri, hiyo ni hadithi ya usiku.

Jumapili, Dagoretti

Mto hapa ni mwembamba, unaweza kuuruka ukiwa na ujasiri na nguo za kubadilisha. Tulifika kwa Shosho baada ya misa. Shosho ni mteja wangu wa miaka mingi: kipande cha shamba kinachoteremka hadi majini, sukuma wiki, managu, migomba michache, mstari wa nepia, majani ya ng'ombe, chini, na ng'ombe wawili juu karibu na nyumba. Alimkazia macho Mjomba.

"Wewe si kijana wa yule mwalimu wa kwaya?"

"Ni mimi, Shosho."

"Umenenepa. Na hivyo viatu, kwani unaumwa na miguu?"

Baada ya uji tukateremka shambani. Udongo wa Dagoretti ni mwekundu, na baada ya miezi ya kiangazi uso wake ulikuwa umeshika ukoko. Mjomba aliupiga kisigino mara mbili. Gambuti iliruka. Kisha akasimama muda mrefu akitazama rundo la samadi. Rundo lilikuwa chini kabisa, hatua kama kumi kutoka mtoni, limekauka juu.

"Hivi ndivyo kwetu kulivyo sasa," akasema. "Ardhi ngumu kama sakafu, na kila kitu kimekaa juu kikisubiri maji. Tofauti ni kwamba kwetu ugumu ni wa barafu."

Nilidhani anatia chumvi, lakini alieleza na nikaelewa. Kwenye zile nyanda za Kanada mvua ya majira yao ya joto mara nyingi haitoki shambani. Inanyesha, udongo unakunywa, mmea unakunywa, basi. Maji yanayotiririka kutoka mashambani hadi mitoni kwa mwaka mzima, zaidi ya robo tatu yake, hutoka kwenye theluji inapoyeyuka, wiki mbili tatu za Machi na Aprili. Na katika wiki hizo udongo chini bado umeganda. Vile vitundu ambavyo maji yangepitia vimejaa barafu. Kwa hivyo maji hayana pa kuingia, yanatembea juu juu tu, polepole, katikati ya mabua ya mwaka jana.

"Yanakuja mekundu kama haya yetu?" nikauliza.

"La. Hapo ndipo watu hudanganyika. Udongo ulioganda haung'oki. Maji ni safi, unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Halafu unatia dawa kwenye chupa, na chupa inakuwa samawati kama sare ya shule."

Fosforasi imetoka wapi, kama udongo haujang'oka? Sehemu inatoka kwenye samadi iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoganda, ikiwa kuna aliyefanya hivyo. Sehemu inatoka kwenye udongo wa juu kabisa, ule wa kina cha vidole viwili vitatu, ambako mbolea ya miaka imejilundika. Na sehemu, hii sikuitarajia, inatoka kwenye mimea yenyewe. Majani na mabua yakigandishwa, maji yaliyo ndani ya chembe zake yanatanuka na kuzipasua, kama soda uliyoisahau kwenye friza. Theluji ikiyeyuka inasuuza ule utomvu wote na kwenda nao mtoni.

Shosho alikuwa anasikiliza huku akichuma managu. "Kwa hivyo huko hata majani ni mabaya?"

"Si mabaya, Shosho. Wakati wake ndio mbaya."

Mkoa wa Manitoba una sheria inayokataza kumwaga samadi shambani kuanzia tarehe 10 Novemba hadi tarehe 10 Aprili. Mjomba alipomweleza Shosho, alishangaa si kwa sababu ya sheria, bali kwa kuwa kuna serikali inayojua mavi ya ng'ombe yako wapi mwezi Novemba.

Tulipima mto juu ya shamba na chini ya shamba. Hakukuwa na tofauti ya kuonekana kwa jicho. Ni kiangazi, hakuna kinachotiririka. Mjomba akaangalia anga la mashariki na kusema tutarudi.

Jumatatu, mjini

Sitaandika mengi. Kuanzia Kawangware kwenda chini mto unabadilika rangi kila daraja. Chiromo, Museum Hill, kisha ile bustani yenye jina la John Michuki, waziri aliyesimamia usafishaji wa sehemu hiyo ya mto, ambako angalau kuna miti na mtu anaweza kukaa. Kupita hapo, Globe na Kijabe Street, na Gikomba, nilishika pua. Mjomba alipima mara moja tu, nyuma ya vibanda vya mitumba. Maji yaligeuka samawati kabla hata hajafunga kifuniko. Akamwaga.

"Hii haihitaji kipimo. Hii ni choo."

Nasema hili wazi kwa sababu kuna watu wanaopenda kuwabebesha wakulima kila kitu. Katikati ya Nairobi, kinachorutubisha mto ni maji taka. Shosho na ng'ombe wake wawili hawafui dafu mbele ya mabomba yaliyopasuka na mitaa isiyo na mabomba kabisa. Mjomba alikubali. Alisema hata kwao, Ziwa Winnipeg linapokea uchafu wa miji, lakini lile bonde lake ni karibu kilomita za mraba milioni moja na sehemu kubwa ni mashamba, kwa hivyo huko huwezi kuzungumza juu ya ukoga bila kuzungumza juu ya ngano.

Alitaka kuona Bwawa la Nairobi, kule karibu na Kibera, ingawa liko kwenye Mto Ngong na si kwenye mto wetu. Anakumbuka mashua za tanga. Tuliona gugu maji, na watu wakilima mahali ambapo mashua zilikuwa. Hatukukaa.

Jumanne, nyumbani

Hatukwenda popote. Nilikuwa na pampu mbili za kumaliza, na Mjomba alitumwa dukani akarudi bila nilichomtuma. Alikuwa amepitia agroveti na kusoma magunia.

"Unajua mbolea ya DAP ina fosforasi kiasi gani?"

Sikujua. Gunia la kilo 50 limeandikwa 18-46-0. Hiyo 46 si fosforasi tupu, inahesabiwa pamoja na oksijeni. Ukiitoa oksijeni unabaki na kama kilo 10 za fosforasi kwa gunia. Sasa, lengo waliloliweka Manitoba kwa Ziwa Winnipeg ni miligramu 0.05 za fosforasi kwa lita. Akachukua kalamu. Kilo 10, ukizisambaza hadi kufikia miligramu 0.05 kwa lita, zinatosha lita milioni 200. Nikazigeuza kwa lugha ninayoielewa: maboza 20,000 ya maji, yale ya lita 10,000. Gunia moja.

Ndiyo sababu, akasema, mkulima anaweza kupoteza kiasi ambacho mfukoni hakisikiki, nusu kilo hapa, kilo pale, asijue hata, na ziwa likajua.

Usiku umeme ulipotea na tukakaa na mshumaa na chai, ndipo hadithi ya fosforasi ikaja. Mwaka 1973, kaskazini-magharibi mwa Ontario, mwanasayansi David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo ambalo halina hata jina la maana, linaitwa Ziwa 226, lenye umbo la namba nane, wakaweka pazia la plastiki pale kiunoni. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Ziwa moja, jua moja, baridi moja. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani kibichi hadi ukaonekana vizuri kutoka kwenye ndege. Wa pili ukabaki na rangi yake. Wakati huo kampuni za sabuni zilikuwa zinabishana kwamba fosforasi ya sabuni haina hatia, na picha ile ya kutoka angani ilimaliza mabishano mengi.

"Mzee mmoja wa shamba la jirani," Mjomba akasema, "ana picha hiyo ukutani, karibu na ya wajukuu."

Nikamwuliza, ukoga una ubaya gani hasa, ukiacha pampu zangu? Akanisimulia ya Toledo, Ohio, kando ya Ziwa Erie. Agosti 2014 ukoga wenye sumu ulizingira mahali mji unapovutia maji yake, na wakazi zaidi ya 400,000 wakaambiwa wasiyanywe maji ya mfereji, siku mbili tatu. Na wasiyachemshe. Hapo nilishtuka kweli. Sisi wa Nairobi dawa yetu ya kwanza ni sufuria. Lakini sumu ile haifi kwa moto. Ukichemsha maji yanapungua na sumu inabaki, kwa hivyo unaikoleza. Na kilicholisha ukoga wa Agosti kilikuwa kimeteremka mashambani miezi kadhaa kabla, wakati wa kuyeyuka kwa theluji na mvua zinazofuata, kupitia Mto Maumee. Watu walikuwa wakitazama ziwa mwezi Agosti. Jambo lenyewe lilianza kutendeka Machi.

Saa tisa usiku nilisikia mabati. Kwanza tone moja moja, halafu yote kwa pamoja. Mjomba alikuwa tayari amekaa kitandani, anavaa gambuti.

Jumatano, Dagoretti tena

Tulifika kwa Shosho kukiwa bado giza, tumelowa chapachapa, na alitufungulia mlango kwa neno moja: "Wazimu."

Sijawahi kulitazama shamba wakati wa mvua ya kwanza. Huwa naitwa baadaye, mto ukishavamia pampu. Ule ukoko mwekundu haukukubali maji. Yalikuwa yanakimbia juu yake kama juu ya bati, yanakusanyika kwenye njia ya ng'ombe, yanapata nguvu na kuanza kung'oa. Baada ya robo saa kulikuwa na mfereji wa upana wa mkono, na kilichokuwa kinaingia mtoni kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyochemka sana. Lakini pale kwenye mstari wa nepia maji yalipunguza mwendo, yakatua mzigo. Asubuhi kulipopambazuka niliona tuta dogo la udongo mbichi nyuma ya nepia, urefu wote wa mstari, isipokuwa mahali pawili palipokuwa na pengo. Kwenye mapengo kila kitu kilipita.

Mjomba alichota chupa tatu: maji mekundu juu ya nepia, maji yaliyochujwa na nepia, na maji yaliyokuwa yanatoka chini ya rundo la samadi. Tukaingia jikoni. Ile nyekundu tuliiacha itulie huku tukinywa chai, kisha tukachuja ya juu kwa kitambaa, mara mbili. Akatia dawa. Mimi nilitarajia samawati ya kutisha. Ikaja hafifu, si mbali na ya Ondiri.

"Iko wapi?" nikauliza.

Akageuza chupa na kunionyesha tope lililobaki chini. "Hiyo hapo. Udongo umeibeba mgongoni."

Wekundu wa udongo wetu ni chuma, kama kutu, na chuma kinaishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba hata mahindi yanapata shida kuipokonya. Ndiyo maana Shosho anatia DAP kila msimu na bado mmea unaonekana una njaa. Kwa hivyo hapa fosforasi husafiri na udongo. Ukizuia udongo, umezuia sehemu kubwa. Makinga maji, matuta ya fanya juu, mstari wa nepia, mabua kuachwa juu ya shamba: haya tuliyoambiwa kwenye kila baraza ya afisa wa kilimo yana maana kamili kwenye mteremko wa Dagoretti.

Kule kwao dawa hiyo hiyo ina makali mengine. Mjomba alisimulia juu ya kijito kiitwacho South Tobacco Creek, kusini mwa Manitoba, ambako watafiti walipima mashamba mawili yaliyopakana kwa miaka mingi. Moja likaachwa linalimwa kama kawaida, la pili likageuzwa kuwa la kilimo hifadhi, bila kutifua, mabua yakabaki juu. Udongo unaopotea ulipungua kwa zaidi ya nusu, na naitrojeni vilevile. Fosforasi ikaongezeka. Si kwa kiasi kikubwa, lakini iliongezeka, na hakuna aliyekuwa ameitarajia. Mabua yanayolinda udongo ndiyo yanayopasuka kwa baridi na kusuuzwa, na mbolea isiyochanganywa na udongo inabaki pale juu ambapo maji yatapita. Hata ukanda wa majani kando ya kijito, ambao hapa umefanya kazi mbele ya macho yangu, huko Machi ni majani yaliyokufa chini ya theluji. Maji yanapita juu yake na kuchukua fosforasi ya majani yenyewe. Wenye akili wanayakata majani hayo kabla ya baridi na kuyaondoa, wanalisha mifugo. Wengine wamechimba mabwawa madogo ya kuyashika maji ya theluji, wayatumie wakati wa kiangazi.

Nikiri nilichanganyikiwa. Mtu amezoea kuambiwa kuna njia nzuri na njia mbaya ya kulima.

Chupa ya tatu, ya rundo la samadi, Mjomba aliizimua mara kumi kwa maji ya dukani ndipo rangi ikasomeka, na hata hivyo ilikuwa samawati iliyoiva. Hiyo haikuwa imebebwa na udongo. Ilikuwa imeyeyuka, imo ndani ya maji, na nepia haikuwa na la kuifanya.

"Hii," akasema, "hii ndiyo ninayoijua. Shosho, hili rundo mbona liko chini?"

"Kwa sababu kusukuma toroli kuteremka ni rahisi kuliko kupanda. Kama linakusumbua, lihamishe wewe."

Tulilihamisha. Sitaki kulizungumzia. Saa nne nzima, toroli moja yenye gurudumu linalopiga kelele, mvua ikija na kuondoka, mzee wa Manitoba mbele na gambuti zake zinazoteleza, mimi nyuma. Tuliliweka juu karibu na zizi, Mjomba akalifunika kwa turubai kuukuu na kuchimba kijitaro kuzunguka. Shosho alisimama mlangoni na kutoa maelekezo.

Alhamisi, Njiru

Siku ya gambuti. Nakubali, zilistahili.

Upande wa mashariki wa Nairobi udongo ni mwingine kabisa, ule mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kupotezea simu, ukilowa unavimba na kukung'ang'ania. Matatu ilituacha barabarani, tukatembea. Kila hatua nilibeba kilo mbili za Njiru kwenye kiatu. Mjomba yeye alichuchumaa, akachukua donge, akalivunja, akalisugua kati ya vidole, akalinusa, uso wake kama mtu aliyekutana na mtu wa nyumbani ugenini.

"Huu ni wa kwetu," akasema. Bonde la Mto Red, linalopanda kutoka Marekani hadi Ziwa Winnipeg, limejaa mfinyanzi kama huu, mabaki ya ziwa kubwa la enzi za barafu lililoitwa Agassiz. Huvimba hivihivi, hupasuka hivihivi, na hushika gari hivihivi. Mto Red unaelekea kaskazini, akaongeza, kwa hivyo kusini theluji inayeyuka mapema na maji yanakuta kaskazini bado kumeganda. Yanatapakaa mashambani, yanakaa siku nyingi juu ya udongo yakinywa fosforasi, kisha yanaingia ziwani. Mto huo peke yake huchangia zaidi ya nusu ya fosforasi ya Ziwa Winnipeg, ingawa maji yake ni sehemu ndogo ya maji yanayoingia humo.

Nyufa za Njiru zilikuwa zimekunywa mvua ya kwanza karibu yote. Hapakuwa na mifereji, hapakuwa na wekundu. Mkulima mmoja, mteja wangu, akatuambia mvua ya tatu ama ya nne ndiyo ya kuogopa, nyufa zikishafumba. Mjomba aliandika hilo daftarini na kupigia mstari.

Mto wenyewe hapa umeshaumeza Mto Mathare na mingine, na wakulima wanaupiga pampu bila kujifanya hawajui una nini. Nepia imepita kichwa cha mtu. Hawanunui mbolea, mto ndio mbolea. Pampu zao ndizo zinazoniletea kesi nyingi zaidi za ukoga, na hapo Mjomba alinipa jibu nililokuwa nalisubiri tangu Januari, fupi kupita kiasi: huwezi kuondoa chakula kwenye maji haya, basi ondoa jua na utulivu. Chujio liondolewe kwenye vidimbwi vilivyosimama, liwekwe mahali maji yanapotembea, chini ya kivuli, limeinuliwa kutoka kwenye tope. Tulihamisha mabomba mawili kabla ya jua kutua. La tatu lilikataa, na mwenyewe pia alikataa.

Kutoka hapa mto unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini kidogo mwa Malindi. Jamaa wa pwani wanajua msimu wa mvua kwetu kwa kutazama bahari inavyogeuka rangi ya udongo. Mjomba alisema angependa kuufuata mpaka huko. Nikamwambia na gambuti hizo aende peke yake.

Ijumaa, Embakasi

Alinipigia kutoka ndani ya uwanja wa ndege kusema amesahau kisanduku cha chupa kwangu. Alikuwa amekisahau makusudi, namjua.

Wiki tatu baadaye

Mjomba ametuma video. Anga samawati, jua kali, shamba tambarare lisilo na mwisho, viraka vya theluji, na kati yake maji yanateleza katikati ya mabua bila sauti, safi kabisa. Sauti yake inasema tu, "Yameanza." Mwishoni anainua chupa mbele ya kamera na rangi yake ni ile ya chupa ya tatu ya Shosho.

Jana nilikuwa Dagoretti kwa ajili ya pampu, nikamwonyesha. Nusu ya samadi imerudi kule chini, naona. Turubai lilihitajika kwingine. Shosho aliishika simu kwa mikono miwili na kuitazama video yote, kisha akairudia.

"Na hawa," akauliza, "wakati huo wa barafu, ng'ombe wao wanalala wapi?"

Sikujua. Nikarekodi swali lake na kulituma. Jibu lilifika tukiwa bado kwenye pampu. Wengi wanalala humo humo shambani, Mjomba alisema, juu ya theluji. Wanawekewa marobota ya majani makavu na kulishwa hapo miezi yote ya baridi. Watafiti wamepima mashamba kama hayo, na maji yake ya Aprili yana fosforasi nyingi kuliko ya mashamba ya kawaida.

Shosho akatikisa kichwa, akageuka akaangalia rundo lake, akaniangalia mimi.

"Hiyo pampu inawaka ama haiwaki?"